Kutangaza biashara mtandaoni bila kuwa kero: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaouza mtandaoni kwa mtaji mdogo si wasumbufu kwa tabia. Usumbufu wamefundishwa. Mtu akianza tu biashara, ushauri anaopewa ni uleule: tangaza kila mahali, usichoke, asiyetaka atajiondoa mwenyewe. Ushauri huo unafukuza wateja. Na linaloniuma zaidi ni kwamba unawafanya waungwana wawatendee wenzao jambo ambalo wao wenyewe wasingekubali kutendewa.

"Namba yake ninayo, basi ruhusa ninayo"

Hapana. Mteja aliyekuachia namba ili umfikishie mzigo amekuruhusu jambo moja tu: kumfikishia mzigo. Akishaupokea, ruhusa ile imekwisha. Ukitaka kuendelea kumtumia matangazo, muulize. Ujumbe kama huu unatosha: "Asante kwa kununua kwetu. Mara moja kwa mwezi huwa tunatuma orodha ya bidhaa mpya. Ungependa tukutumie? Jibu NDIYO. Usipojibu, hatutakutumia." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu inahesabu kimya kuwa ni hapana. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, ina msimamo huohuo: kukaa kimya si ridhaa, wala kisanduku kilichowekwa tiki kabla mteja hajakigusa.

Kibaya kuliko vyote ni kumwingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumuuliza. Anawasha simu asubuhi, anakuta yumo kwenye kundi la watu asiowafahamu, picha za viatu zimeshuka mfululizo, na akitaka kutoka anaona aibu kwa kuwa mwenye kundi anamjua. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalifikirii: ndani ya kundi, wanachama huweza kuona namba za wenzao. Umezigawa namba za wateja wako. Mwanamke atakayeanza kutumiwa ujumbe na mwanamume asiyemjua, usumbufu huo ameupata kupitia kwako. Afadhali orodha ya kutuma kwa wengi iliyomo humohumo WhatsApp: kila mtu anapokea peke yake, wapokeaji hawaonani, na ujumbe wako unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Wauzaji hulilalamikia sharti hilo la mwisho. Mimi naliona ndilo zuri kuliko yote, maana aliyeihifadhi namba yako ana sababu ya kutaka kukusikia.

"Nikinunua anwani elfu kumi za barua pepe, hata mmoja katika mia akinunua nimepata"

Hesabu hii imeacha upande wa pili. Tangu Februari 2024, Gmail inawataka wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku wahakikishe kiwango cha wapokeaji wanaozitia alama ya barua taka hakifiki asilimia 0.3, yaani watu 3 katika kila 1,000. Orodha ya kununua imejaa watu ambao hawajawahi kulisikia jina lako. Kuwapata watatu wenye hasira humo si kazi. Hata anayetuma barua chache hupimwa kwa malalamiko. Ukishachafuka, barua ya kuthibitisha oda ya mteja aliyekwisha kukulipa nayo inaweza kutumbukia kwenye taka, na yeye aanze kuamini umemtapeli.

Utasikia pia kwamba mbinu hii ina historia ya mafanikio. Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation alituma tangazo la kompyuta kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Malalamiko yalikuja mara moja, ingawa Thuerk mwenyewe alikuja kusema kwamba mauzo yalipatikana. Sibishi. Lakini wale walikuwa hawajawahi kuona kitu cha namna ile. Mteja wako ameshapokea matangazo chungu nzima kabla hajatoka kitandani.

"Ficha njia ya kujiondoa, watabaki"

Asiyeona pa kujiondoa hubonyeza "taka", na hilo linakuumiza kuliko kuondoka kwake. Sheria ya Marekani ya barua za matangazo, ya mwaka 2003, inampa mtumaji siku 10 za kazi kumwondoa aliyeomba. Wewe mwenye orodha fupi huhitaji zote hizo. Mwondoe siku hiyohiyo, wala usimuulize kwa nini.

"Usiweke bei, waje inboksi"

Wanaoitetea mbinu hii husema inaleta mazungumzo. Inaleta, ila mazungumzo ambayo mteja hakuyaomba. Alitaka tarakimu moja tu. Sasa imembidi ajitambulishe, asubiri jibu, kisha atafute maneno ya kukataa kwa adabu. Wengi hupita tu. Kama bei inategemea ukubwa au umbali, andika inapoanzia na kinachoipandisha.

Ndugu yake ni "zimebaki 2 tu" wakati stoo imejaa, au saa inayohesabu kurudi nyuma kisha kuanza upya kila ukurasa unapofunguliwa. Huo ni uongo. Kama kweli zimebaki mbili, sema, kwa sababu mteja anastahili kujua.

"Kizuri chajiuza"

Wapo waungwana wanaoyaona yote haya, wakaamua kunyamaza kabisa. Mtandaoni hakuna mpita njia atakayekiona kizuri chako kwa bahati. Kutangaza si kosa. Weka bidhaa kwenye ukurasa wako na kwenye status, mahali ambapo mtu anaingia kwa hiari yake. Jibu swali la mtu anayetafuta unachouza, na useme wazi kwamba wewe ndiye muuzaji. Ukimpa mtu bidhaa bure ili aizungumzie, naye aseme kwamba alipewa.

Usiwape ndugu kazi ya kuandika sifa kama wanunuzi. Marekani ilipitisha kanuni dhidi ya maoni ya uongo iliyoanza kutumika Oktoba 2024. Waombe walionunua kweli, siku chache baada ya mzigo kufika, na uombe mara moja tu. Atakayelalamika hadharani usimfute. Mjibu hapohapo kwa jina alilotumia, taja kilichoharibika na lini utakirekebisha, na ukishakirekebisha rudi uandike chini yake kwamba kimekwisha.