Kumpokea kijana wa nje nyumbani: tunavodhani na ilivo kweli

Kila vijana wa kigeni wakifika hapa Mji wa Zanzibar, wa kusoma Kiswahili SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au wa kujitolea kwa miezi kadhaa, maneno yanayozunguka barazani ni yale yale na mengi sio kweli. Mbaya zaidi ndo hayo yanayofanya kijana akae nyumba ya watu mwaka mzima na akaondoka bado ni mgeni. Nyumba yetu huku Ng'ambo imekaa na vijana wa nchi tofauti, wapo walioshikamana nasi mpaka leo na wapo walioondoka ikawa basi, na mie naona tofauti haikua pesa wala lugha, ilikua ni kama mtu aliachwa aingie jikoni au aliwekwa sebuleni. Naandika kwa anaefikiria kupokea, Unguja au Pemba.

Dhana: mgeni lazima awekewe vyake mbali

Hii ndo kubwa kuliko zote na inatoka kwenye moyo mzuri, kwa hivo ngumu kuitoa. Kijana anakuja, anapewa chumba kizuri, chipsi na kuku, soda baridi, anatengewa sebuleni peke yake na uma na kijiko, na wenye nyumba wote wako uani wamezunguka sinia la wali na mchuzi wa pweza wanacheka. Sisi tunaona tumemheshimu, yeye anasikia vicheko anajua hayumo. Wazee walishasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, na hawakusema kwa uchoyo, walijua mtu asiekua na kazi ndani ya nyumba hana pahala ndani ya nyumba.

Tulikua na kijana wa Kijerumani, miaka 19, mrefu mpaka akiingia jikoni anainama. Siku za mwanzo alikua anasimama mlangoni anaangalia tu mikono kaifunga. Mama akamsogezea mbuzi ya kukunia na nazi mbili akamwambia kaa hapo mwanangu ukune. Akakuna kwa nguvu zake zote, hata ile ngozi ya ndani ya kifuu akaiondoa, tui likatoka limepiga hudhurungi, mama akamshika mkono akamwonyesha, ukiona weusi zungusha usichimbe, na bibi pembeni anacheka mpaka machozi na kijana nae anacheka. Mchuzi wa siku ile tukaula wote na rangi yake. Baada ya hapo akirudi jioni swali lake la kwanza leo nazi ngapi, na Kiswahili chake kilianza kukua pale kwenye mbuzi sio darasani.

Kwahiyo mpe kazi, ufagio, kwenda dukani kununua tungule, kuteka maji, kumsimamia mdogo hesabu za skuli. Na chakula ale kinacholiwa, ila muulize mapema kama ana aleji, wengine karanga au chaza zinaweza kuwaua kweli sio kudeka. Asiekula nyama nae asikutie wasiwasi, mchicha wa nazi, kunde, maharage, muhogo wa nazi, ndizi mbichi, chakula chetu nusu yake hakina nyama. Kitu cha kumlinda nacho ni maji, maji ya bomba asinywe, yachemshwe au ya chupa, na barafu ya barabarani aiwache. Urojo atakula tu, ila sio siku ya kwanza. Na akipata homa apimwe siku hiyo hiyo, malaria Zanzibar imeshuka sana, kwa miaka mingi maambukizi yamekaa chini ya asilimia 1, lakini haijaisha na mwili wake haujaizoea.

Dhana: mzungu ana pesa

Wapo wenye nazo, lakini hawa vijana wengi wametoka skuli juzi. Chukua mfano wa weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani wa kuwapeleka vijana kujitolea, umeanza 2008, wa miaka 18 mpaka 28. Sehemu kubwa ya gharama inalipwa na serikali yao na inayobaki mara nyingi taasisi inachangisha kwa wafadhili, na kijana mwenyewe anapewa pesa ndogo ya matumizi ya mwezi, sio mshahara. Sasa wiki ya pili mtu anamuomba ada ya mtoto, wiki ya tatu mwengine anamuomba simu, na yeye hajui akatae vipi, anachofanya anaanza kuwakimbia watu. Naumia sana nikiona hivi kwa sababu urafiki unafia hapo na kila upande unabaki unamlaumu mwenziwe.

Upande wa mwenye nyumba nao uwe wazi. Ipo mipango inayolipa familia pesa ya chakula na ipo isiyolipa kabisa, AFS kwa mfano, taasisi ya kubadilishana wanafunzi ambayo imeanza kupeleka wanafunzi nchi za watu tokea miaka ya 1940, familia zake zinapokea kwa kujitolea. Uliza mwanzo kabisa, wanalipa nini, umeme na maji nani, akiumwa nani anampeleka hospitali na kwa pesa ya nani. Kuuliza hivi sio tamaa, ni bora kuliko kukaa na kinyongo miezi sita.

Dhana: mgeni haambiwi

Jamani hapa ndo tunapokosea khasa sisi watu wa visiwani. Kijana anatoka na kaptula fupi na mabega wazi anapita mbele ya msikiti, mtaa mzima unamwangalia hakuna anaemwambia, halafu usiku ndo anasemwa kila nyumba. Mwenyewe hajui. Kwao watu wakikaa kimya maana yake hakuna tatizo. Mwambie siku ya kwanza, bila ya kumzunguka, tena amwambie mtu wa jinsia yake na rika lake kama yupo: mabega na magoti yafunikwe mjini na vijijini, nguo za kuogelea mwisho pwani, viatu vinavuliwa mlangoni, wakubwa wanaamkiwa kwanza, ukichelewa piga simu. Nimeshaona msichana akiazimwa kanga na mtandio na dada wa nyumba, akafundishwa kujifunga mbele ya kioo dakika kumi, na siku ile ile akaanza kuitikiwa salamu na vibibi ambao jana walimpita kimya.

Na akikujibu "asante, sitaki" usiseme ana dharau, ndo adabu yao ya kusema kweli. Pia mlango wa chumba. Kwetu mtu akijifungia masaa mawili tunasema kanuna au anaumwa, tunaenda kugonga mara tatu. Yeye kashinda kutwa anasikiliza lugha asiyoijua vizuri, kichwa kimechoka, anataka kukaa peke yake tu. Muwache, ila chakula kikiwa tayari mwite.

Kiingereza ndo kinachowatisha kina mama wengi, ati "mie sijui kizungu ntakaa nae vipi". Wengi wanakuja kutafuta Kiswahili, na Kiingereza chenyewe kwa Mjerumani au Mjapani ni cha kujifunza kama chako. Watoto wadogo wa nyumba ndo walimu bora, hawaoni haya kumsahihisha na hawachoki kurudia.

Halafu sio kila anaekuja ni mzungu. Utampata Mjerumani ambae wazee wake wametoka Uturuki, Msweden wa Kisomali, Mmarekani mweusi, Mkorea, na baadhi yao ni Waislamu wanaofunga na kusali kama wewe. Kumuuliza kila siku "lakini kwenu hasa ni wapi" kunamchoma, kwao anaulizwa hivyo hivyo.

Kuhusu dini, hofu ipo pande mbili, wengine wanaogopa atawaharibia watoto, wengine wanaona wajibu wao kumsilimisha kabla hajaondoka. Kijana akijua mipaka ya nyumba anaifuata, na wenye wasiwasi wa watoto wao waangalie kwanza simu za hao watoto. Ramadhani halazimishwi kufunga, ale ndani, nje mchana asile wala asinywe, na magharibi akae kwenye futari na watu. Wengi wanaishia kujaribu kufunga wenyewe bila ya kuambiwa.

Dhana nyengine inayonikera: kwamba amekuja kutusaidia. Kijana wa miaka 18 sio mwalimu wala daktari, asiwekwe peke yake darasani na watoto arubaini kwa sababu ya rangi yake, akae na mwalimu mwenyeji amsaidie. Na picha za watoto asipige akazituma mtandaoni bila ya ruhusa ya mzee wa mtoto, kama kwao isivyoruhusiwa skuli. Wenye skuli wana haki ya kumkataza na wamkataze.

Makaratasi nayo watu wanayadharau, "si ana viza". Viza ya utalii ni ya siku 90 na haimruhusu kufanya kazi hata ya kujitolea bila ya malipo, anaejitolea au anaesoma kwa muda mrefu anatakiwa kibali cha ukaazi daraja C, na kazi ya kukiombea ni ya taasisi iliyomleta, sio wewe. Tokea 1 Oktoba 2024 kila mgeni kutoka nje anaeingia Zanzibar ananunua bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Mpeleke kwa sheha wa mtaa wiki ya kwanza ajulikane. Na kama hajafika miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 huyo ni mtoto, kwahiyo uwe na namba za wazee wake na za mtu wa taasisi anaepokea simu usiku.

Ya mwisho ni kudhani kwamba safari ni za upande mmoja, wao waje sisi tupokee. Weltwärts tokea 2013 inachukua na vijana wa nchi kama yetu kwenda kujitolea Ujerumani, mpango wa YES wa serikali ya Marekani ulioanza 2002 umekua ukipeleka wanafunzi wa sekondari mwaka mzima wa masomo kukaa na familia za kule, na Mji wa Zanzibar una udugu na mji wa Potsdam, Ujerumani, tokea 2017. Kama mwanao anakwenda, mfundishe na yeye ya kule kabla hajapanda ndege: hodi haitoshi, mtu haendi kwa mtu bila ya kuahidiana, saa tisa ni saa tisa sio tisa na nusu, sahani aliyolia anaiosha mwenyewe, wakienda kula nje kila mtu anaweza kulipa chake na sio uchoyo. Na akishindwa na kitu aseme, asinyamaze akangoja waone wenyewe, maana hawatoona.