Upote wa Nyuzi za Mimea: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Upote, yaani ugwe wa upinde, husingiziwa mengi. Mti wa upinde ukivunjika, fundi huinama akakagua pale palipopasuka ili aone kama kulikuwa na kifundo au kama alichonga kupita kiasi; lakini ugwe ukikatika, huulaumu mmea papo hapo, akasema kwamba nyuzi za shambani hazina nguvu na kwamba afadhali angenunua uzi wa kiwandani. Katika muda niliojishughulisha na kazi hii nimeona kwamba mara nyingi kosa haliko katika mmea bali katika kukosa usawa. Ugwe mzima una nguvu ya pale palipo pembamba zaidi, na dhana nyingi zinazosambaa humfanya mtu aitafute nguvu hiyo mahali isipokuwepo.

“Nyuzi za mimea haziwezi kustahimili upinde wenye nguvu”

Historia inakataa. Roger Ascham, aliyeandika kitabu cha elimu ya kupiga mishale nchini Uingereza mwaka 1545, alipofika kwenye habari za ugwe alitaja nyuzi za bangi, kitani na hariri, akawaachia mafundi wa kazi hiyo waamue ipi iliyo bora. Mbili kati ya hizo tatu ni nyuzi za mimea. Nchini Japani, upinde mrefu uitwao yumi ulifungwa kwa jadi ugwe wa nyuzi za bangi uliopakwa mchanganyiko wa utomvu wa msonobari na mafuta. Huko Papua New Guinea ugwe mara nyingi haupotwi kabisa, bali ni utepe bapa uliochanwa kutoka kwenye mwanzi au henzirani.

Hata hivyo, mashabiki wa mimea nao hutia chumvi. Wapo wanaomtaja Ötzi, yule mtu wa kale aliyepatikana mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alps, kama shahidi wao, kwa kuwa kamba iliyokuwa ndani ya podo lake ilidhaniwa zamani kuwa ya gome la mti. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa ile kamba ilipotwa kwa kano za mnyama. Kano ni nzuri kweli mahali pakavu, ila hulegea zikiingia unyevu.

Ama kuhusu nailoni, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa haikatiki upesi, ni lazima kutofautisha kukatika na kurefuka. Uzi wa kitani hurefuka kwa asilimia 2 au 3 tu kabla ya kukatika, ilhali wa nailoni huweza kupita asilimia 15. Ugwe unaorefuka namna hiyo huufanya upinde upoteze mkao wake, na nguvu iliyopaswa kuusukuma mshale huishia katika kuvutika kwa ugwe wenyewe. Kwa kipimo hiki, mmea wa shambani unaishinda nailoni kwa mbali.

“Bila bangi ya nyuzi, na bila shamba kubwa, usijisumbue”

Bangi inayolimwa kwa ajili ya nyuzi ni nzuri, lakini katika nchi nyingi kilimo chake kinahitaji kibali, na hakuna sababu ya kujitafutia kesi mahakamani kwa ajili ya ugwe. Kitani kinatosha. Mimea inayowasha ya jamii ya Urtica nayo ina nyuzi ndefu na laini, na makali yake humalizika shina likishakauka. Kwa hiyo anayeiogopa anahitaji glavu siku ya kuvuna tu. Pamba inawezekana, ila nyuzi zake ni fupi na hurefuka zaidi, hivyo ugwe wake hulazimika kuwa mzito. Juti niiseme kwa kifupi: siishauri, kwa sababu hupoteza nguvu ikilowa na huchakaa mapema.

Kuhusu ukubwa wa shamba, hesabu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kitani kilichotunzwa vizuri hutoa takriban tani 1 ya nyuzi ndefu kwa hekta, ambayo ni kama gramu 100 kwa kila mita ya mraba, na ugwe mmoja wa upinde wa kawaida huwa na uzito wa gramu 10 hivi. Hata kama mwanafunzi atapoteza zaidi ya nusu ya mavuno yake katika kujifunza, kipande cha ardhi kilicho sawa na ubao wa mlango kitampa ugwe zaidi ya mmoja.

Kinachoharibu mavuno ya wengi ni kupanda kwa nafasi. Mkulima mwenye huruma huiachia kila mche nafasi ya kupumua, kama afanyavyo kwa mboga, na hapo kitani hutoa matawi, na kila tawi huukata mwendo wa nyuzi. Kitani cha nyuzi husongamanishwa, mashina 1,500 hadi 2,000 katika mita moja ya mraba, ili yagombanie mwanga na kupanda juu yakiwa membamba na bila matawi. Baada ya siku 100 hivi, sehemu ya chini ya mashina ikiwa imegeuka manjano na mbegu bado hazijakomaa kabisa, mashina hung'olewa pamoja na mizizi yake badala ya kukatwa, kwa sababu nyuzi huanzia chini kabisa ya shina na urefu ndio mali. Anayesubiri mbegu zikomae atapata mbegu nzuri na nyuzi ngumu.

“Kadiri mashina yanavyokaa majini ndivyo nyuzi zinavyokuwa bora”

Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote, nami nimelifanya. Ili kulielewa, ni lazima kujua kwamba ule uzi mrefu tunaouona katika shina la kitani si uzi mmoja. Ni fungu la nyuzi ndogo sana, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 2 au 3 hivi, zilizogandishwa pamoja na gundi ya asili iitwayo pektini. Gundi hiyohiyo ndiyo inayoyashikiza mafungu kwenye mti wa shina. Tunapoyaloweka mashina, bakteria huila pektini; tunachotaka ni waile ile inayoyashikiza mafungu kwenye mti, kisha tuwasimamishe kabla hawajaimaliza ile inayoshikilia fungu lenyewe. Wakipita hapo, urefu wote uliotafutwa shambani hubaki jina tu.

Kwa hiyo hakuna idadi ya siku inayoweza kutolewa kama sheria. Katika maji ya vuguvugu kazi huweza kuisha ndani ya siku 4 au 5, katika maji baridi ikachukua wiki mbili, na mashina yaliyotandazwa kwenye majani ili yapate umande huchukua wiki kadhaa. Kinachotawala ni jaribio. Kila siku hutolewa shina moja, likakaushwa vizuri, kisha likakunjwa kwa vidole hatua kwa hatua. Likiwa tayari, mti wa ndani hulia kama njiti ya kiberiti na kuanguka vipandevipande, na nyuzi hubaki mkononi kama utepe mmoja tangu shinani hadi kileleni. Likiwa bado, vipande vya mti hubaki vimeng'ang'ania. Likiwa limepitiliza, utepe hutoka kwa urahisi wa kufurahisha, wenye manyoya na ulaini wa pamba, lakini ukiuvuta kati ya mikono miwili huachana kimyakimya, bila ule mlio mkavu wa uzi wenye nguvu. Ulaini huo ndio unaowadanganya watu.

Maji yaliyotumika yasimwagwe mtoni wala bwawani: uozo uliomo huimaliza hewa ya majini na kuua samaki.

Mimea ya majani marefu, kama mkonge na ndugu zake wa jamii ya Sansevieria ambao wengi huwapanda kwenye vyungu kama mapambo, haihitaji uozeshaji huu hata kidogo. Jani bichi hulazwa juu ya ubao na kuparwa kwa kisu butu mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki, kisha zikaoshwa na kuanikwa kivulini. Kati ya hizo, nyuzi za mkonge wa kamba ni nene na kavu, nazo hukwaruzana na kukatika mahali panapopindwa sana, hasa kwenye vitanzi. Za Sansevieria ni laini zaidi na hupoteka vizuri.

“Ugwe mnene ni ugwe salama”

Usalama hupimwa, haukisiwi kwa macho. Chukua uzi mmoja uliosokota, uzungushe mara kadhaa kwenye kijiti laini badala ya kuufunga fundo, kwa maana fundo litauvunja uzi kabla ya wakati wake na kukupa jibu la uongo. Ning'iniza ndoo ndogo upande wa pili, umimine maji kikombe kwa kikombe mpaka uzi ukatike, kisha upime ndoo pamoja na maji yake. Rudia angalau mara tano, na ulishike jibu dogo kuliko yote, si la wastani.

Tuseme jibu hilo ni kilo 4, na upinde unavutwa kwa nguvu ya kilo 18. Desturi ya mafundi ni kutaka ugwe wenye uwezo wa angalau mara nne ya nguvu ya upinde, kwa sababu mshtuko mkubwa hauji wakati wa kuvuta bali wakati mshale unapoondoka na ugwe kusimamishwa ghafla. Kwa uzi wa mkono, usio sawa kama wa mashine, mimi huchukua mara sita: 18 mara 6 ni kilo 108, zikigawanywa kwa 4 ni nyuzi 27, ambazo hugawanyika vizuri katika mafungu matatu ya nyuzi tisatisa.

Anayeongeza nyuzi nyingine ishirini “ili awe na uhakika” analipa kwa kasi ya mshale. Sehemu ya uzito wa ugwe, takriban theluthi moja, hufanya kazi kana kwamba imepachikwa kwenye mshale, kwa kuwa nayo ni lazima isukumwe. Unene ukihitajika, uongezwe kwenye vitanzi, ambako ugwe hupindwa na kusuguliwa na ncha za upinde na ambako uzito hauendi mbali. Nyuzi fupi za ziada huchanganywa hapo na kupunguzwa kidogokidogo, zisiishie zote mahali pamoja. Pale katikati panapokaa mkia wa mshale, uzi mwembamba uliozungushwa kwa kubana unatosha kuzuia mikwaruzo.

“Pota zaidi, ugwe uwe imara zaidi”

Msokoto hufanya kazi moja, nayo ni kuzibana nyuzi ili zisichomokane. Ukishatosha, kila mzunguko unaoongezwa huziweka nyuzi mshazari, na uzi ulio mshazari hauvuti sawa na mstari wa ugwe. Nguvu hupungua na ugwe huanza kunyumbuka kama chemchemi. La maana zaidi ni uelekeo: nyuzi ndogo zikisokotwa kuelekea kulia, mafungu yapotwe pamoja kuelekea kushoto, ili kila msokoto uuzuie mwingine kufumuka. Vidole vilowe maji wakati wa kusokota kitani, kwa kuwa pektini iliyosalia hulainika na kuyalaza manyoya, na mafungu yote matatu yawe yamevutwa sawasawa. Fungu moja likilegea, mengine mawili ndiyo yanayobeba upinde, na hapo zile hesabu za ndoo hazina kazi tena.

“Maji huua ugwe wa mimea, na nta ndiyo dawa”

Kitani na nyuzi za bangi huongezeka nguvu kidogo zikilowa, hazipungui. Kinachobadilika ni urefu na uzito: nyuzi hufura, na kwa kuwa zimepotwa, kufura huko huufupisha ugwe na kuukaza upinde, huku ugwe wenyewe ukiwa mzito zaidi. Hatari halisi huja baadaye, ugwe uliolowa unapokunjwa na kufungiwa mfukoni, kwa sababu kuvu huanza kazi ileile ambayo bakteria waliianza majini. Nta ya nyuki huchelewesha maji kuingia na huyalaza manyoya, lakini haiugeuzi uzi mbovu kuwa mzuri. Ipakwe kidogo na kusuguliwa kwa kipande cha ngozi mpaka ipate joto na kuzama. Ile inayobaki juu hukusanya mchanga, na mchanga hukata nyuzi kama msasa.

“Ugwe wa mimea hukatika bila kutoa taarifa”

Hutoa, kwa anayeangalia. Kabla ya kuufunga, pitisha ugwe wote kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, macho yakiwa kwenye vitanzi na pale katikati. Manyoya mapya yaliyosimama mahali pamoja, fungu moja lililoinuka juu ya mengine, au sehemu iliyopungua unene tangu jana, zote ni taarifa. Ugwe wangu wa kwanza wa kitani ulikatika nikiwa nimevuta mpaka shavuni, nao ulikatikia kwenye fundo la kawaida nililolifunga kwa uvivu badala ya kupota kitanzi. Fundo la namna hiyo huweza kupunguza nguvu ya kamba kwa karibu nusu. Upinde ulipona, ila baada ya hapo nilikuwa na alama nyekundu mkononi kwa siku tatu, na tangu siku hiyo huwa nabeba ugwe wa pili uliokwisha kunyooshwa kwenye upinde uleule.