Rangi ya sebule: anza na sakafu, malizia na ukuta

Wengi huchagua rangi ya ukuta kwanza, wakiwa dukani, kwenye kikaratasi cha sampuli chenye upana wa vidole viwili. Naomba ugeuze mpangilio huo. Sakafu, sofa na mapazia tayari unavyo, na kuvibadilisha ni gharama kubwa. Rangi ya ukuta huchanganywa kwa mashine kwa namna zisizohesabika, kwa hiyo yenyewe ndiyo ifuate vingine.

Chukua vigae vya krimu, vilivyojaa kwenye nyumba zetu. Ndani yake mna umanjano. Ukivizungushia ukuta wa kijivu chenye ubluu, vigae vitaonekana kama havijapigwa deki wiki nzima. Kijivu chenye ukahawia kidogo hukaa navyo vizuri. Kuuona umanjano huo, zima taa mchana, weka karatasi nyeupe ya kuchapia juu ya kigae, kisha tazama kilichojitokeza pembeni yake. Zijaribu hivyo hivyo na "nyeupe" za dukani: moja ina uwaridi, nyingine ukijani, nyingine umaziwa.

Kinachofuata ni mwanga, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Madirisha ya alumini yenye vioo vya kiza cha kijani au bluu hupunguza mwanga na kuutia rangi yake. Mti mkubwa mbele ya dirisha nao hufanya hivyo. Katika chumba cha namna hiyo samawati nyepesi hupoa na kuzubaa. Krimu au rangi nyepesi ya udongo hurudisha uhai. Dirisha likitazama magharibi, jua la saa kumi na moja jioni huingia na uchungwa wake, na ukuta wa manjano makali utakuchosha macho. Usiku ni habari nyingine kabisa. Balbu ya Kelvini 6500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa weupe wenye ubluu, na rangi za udongo hupauka chini yake. Ya Kelvini 3000 huzipa joto. Kabla ya kulaumu rangi, badilisha balbu.

Usijaribie rangi moja kwa moja ukutani. Rangi ya zamani iliyozunguka kiraka hulidanganya jicho, na kingo za kiraka zinaweza kuonekana hata baada ya kupaka upya. Paka ubao mwembamba wa sentimita 60 kwa 60, mikono miwili (yaani mara mbili), ukauke. Uegemeze kila ukuta kwa zamu na kuutazama saa tatu asubuhi, saa nane mchana, na saa mbili usiku taa zikiwaka. Kuta nne zikishapakwa huangaziana, na rangi huongezeka nguvu, kwa hiyo mimi hushauri kushuka ngazi moja kuelekea nyepesi kuliko ile uliyoipenda.

Hesabu yenyewe ni hii. Sebule ya mita 4 kwa 5, kimo mita 3, ina kuta za mita za mraba 54. Toa mlango na madirisha mawili, zinabaki kama 48. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, basi mikono miwili ni karibu lita 10. Nunua makopo matatu ya lita 4, yamimine yote kwenye ndoo moja na kuyakoroga, maana makopo ya rangi ileile huweza kutofautiana kidogo na tofauti hiyo ikaonekana katikati ya ukuta. Simamia maji pia: fundi akizidisha kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, ukuta hutoka na mabaka.

Nyekundu kali na manjano kali hazifuniki vizuri. Jiandae kwa mikono mitatu au minne. Damu ya mzee ni nzuri, ila iweke kwenye ukuta mmoja usiopigwa na mwanga wa ubavuni, na uchague isiyong'aa, kwani mng'ao hufichua kila bonde la lipu. Lipu mpya iache ikauke siku 28 kwanza, la sivyo magadi ya saruji yatatoa mabaka kwenye rangi.

Fundi asiongeze rangi ya kukolezea kwa kukadiria kwa jicho, hataweza kuirudia. Bandika lebo ya mchanganyiko wa mashine ndani ya mlango wa kabati, na lita mbili zilizobaki zifunge vizuri kwa ajili ya marekebisho.