Kuacha Kazi Si Kustaafu
Katika viwanda vya minofu ya sangara jijini Mwanza, wapo wanaoamini kwamba mfanyakazi akichoka anaweza "kustaafu" hata akiwa na miaka 40, kisha akaanza kulipwa pensheni. Sivyo. Kustaafu kwa hiari huanzia miaka 55, kwa lazima ni 60, na pensheni ya kila mwezi humtaka mwanachama wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, awe amechangia walau miezi 180, yaani miaka 15. Anayeandika barua ya kuacha kazi kabla ya hapo, tena kwa utashi wake, hastahili hata fao la kukosa ajira. Michango yake hubaki katika mfuko huo, naye akiajiriwa tena huendelea alipoishia. Muuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, asiye na mwajiri, naye anaruhusiwa kujiandikisha na kuchangia, jambo ambalo wengi hawalijui.