Bulabo ya Bujora: yanayosemwa na yaliyopo

Kila msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, ngoma zinapoanza kunguruma pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, maneno yaleyale huibuka. Mengine hayana neno. Mengine yanawakosea heshima watu waliorithishana elimu yao kwa vizazi kadhaa.

"Bagika na Bagalu ni koo za Wasukuma." Si koo. Ni vyama vya ngoma, na asili yake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa wakishindana nani ana dawa kali zaidi. Ubishi wao ukahamia uwanjani, na haujaisha mpaka leo.

"Mshindi hutangazwa na majaji." Kwa desturi ya Kisukuma, jaji ni umati. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake, na watazamaji wako huru kuhama. Anayewavuta wengi ndiye kashinda. Hebu fikiria kazi ya manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, hapo: wimbo ukipooza kidogo tu, watu wanampa kisogo, wanakimbilia kwa mpinzani wake. Ndiyo maana hutunga nyimbo mpya, huongeza vituko, na wengi hutegemea pia dawa ya mvuto. Bagalu wakiingia na bugobogobo, ngoma yao ya majembe, majembe yanarushwa juu na kudakwa bila kupoteza pigo la ngoma. Ustadi ule ulitoka shambani, watu walipolima pamoja huku ngoma ikiwapangia mwendo. Anayeuita mchezo wa kupoteza muda hajawahi kulima ekari nzima peke yake.

"Wanaocheza na nyoka ni wachawi." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Bayeye ni chama chenye mafunzo: mwanachama hufundwa tabia za nyoka, namna ya kuwashika, na miti inayotumika kutibu walioumwa. Chatu unayemwona shingoni mwa mchezaji hana sumu. Huua kwa kubana, kwa hiyo anayemshika lazima ajue amshike wapi na amwachie lini. Hiyo ni elimu, na ina walimu wake. (Wewe ukiumwa na nyoka, wahi hospitali.)

"Kanisa liliua ngoma za asili." Wamisionari waliozipiga vita walikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini Bulabo yenyewe imekua pamoja na sikukuu ya Ekaristi, kwa maandamano na maua. Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada, akashirikiana na wazee kukusanya vitu na kumbukumbu, na mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa Bujora. Nenda ulione jengo la watemi, watawala wa jadi wa Kisukuma, lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, uone na ngoma za kitemi zilizohifadhiwa humo. Bila wazee waliokubali kusimulia, padri asingekuwa na cha kukusanya, na sifa yao hutajwa mara chache mno.

"Bulabo ina tarehe yake maalumu." Hufuata sikukuu ya Ekaristi, nayo hufuata Pasaka, kwa hiyo kila mwaka tarehe husogea, ingawa mara nyingi huangukia Juni. Uliza parokiani Bujora kabla hujakata tiketi ya basi.