Tezi imejaa askari, saratani inakuaje?

Mtu akiambiwa ana saratani ya damu au ya tezi za limfu, kabla hajafika nyumbani simu zimeshaanza kuita: kunywa mlonge, kunywa rosela. Ushauri unatolewa kwa upendo, ila umejengwa juu ya dhana hizi.

"Kinga imekwisha, tuipandishe."

Chukua limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi iliyoelezwa na Thomas Hodgkin wa London mwaka 1832. Ukiweka kipande cha tezi hiyo chini ya hadubini, seli zenyewe za saratani, zile kubwa ziitwazo Reed-Sternberg, utazitafuta kwa tochi. Mara nyingi ni kama 1 tu kati ya 100. Zilizobaki karibu zote ni seli za kinga. Ule uvimbe unaoupapasa shingoni ni umati wa askari.

Kawaita nani? Saratani yenyewe. Seli ya Reed-Sternberg humwaga protini iitwayo CCL17, na seli T, aina mojawapo ya seli za kinga, zinaifuata kama siafu walionusa mafuta. Nyingi kati ya zinazoitikia ni zile ambazo kazi yao mwilini ni kutuliza ugomvi. Zile zenye uwezo wa kuua nazo zinakutana na protini nyingine, PD-L1, iliyotanda juu ya seli ya saratani. PD-L1 ikiishika PD-1, protini iliyo juu ya seli T, seli T inalegea. Hiyo ni breki halali, mwili huitumia kila siku ili kinga isitugeuke. Saratani imeizidisha tu: kipande cha kromosomu ya 9 chenye jeni ya PD-L1 hujirudia nakala za ziada. Kuongeza askari hapo ni kuongeza abiria kwenye daladala iliyovutwa hendibreki.

"Basi breki ikiachiwa, saratani zote za damu zitapona."

Kwa Hodgkin matokeo yalishangaza. Katika jaribio la nivolumab, dawa inayoachia breki kwa kuizuia PD-1, lililochapishwa mwaka 2015, wagonjwa 20 kati ya 23 ambao ugonjwa wao ulikuwa umerudi au umekaidi tiba walipata nafuu ya kupimika. Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa Hodgkin mwaka 2016.

Kisha ikaja mayeloma, saratani ya uboho. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisimamisha majaribio ya pembrolizumab, dawa ya ukoo huohuo, iliyokuwa ikichanganywa na dawa nyingine za mayeloma: waliopewa walikuwa wakifariki zaidi ya wasiopewa. Uboho ni mtaa mwingine. Huko protini inayotia nguvu saratani ni pamoja na IL-6, na sehemu kubwa yake hutolewa na majirani, seli za kiunzi cha uboho zisizo na saratani hata kidogo.

"Protini zinalisha uvimbe, mgonjwa asile mayai."

Jina ni moja, mambo ni mawili. Yai likifika tumboni linavunjwavunjwa. CCL17 na PD-L1 hutengenezwa ndani ya seli kwa maelekezo ya jeni. Aliye kwenye kemo mpikieni maharage na dagaa, mwili wake unahitaji kujijenga.

"Haya ni magonjwa ya Wazungu."

Hospitali ya Mulago, Kampala, ndiko daktari Denis Burkitt alikokuwa akiona watoto wenye uvimbe wa taya, akaandika habari zao mwaka 1958. Vipande vya uvimbe kutoka Uganda vilisafirishwa hadi London, na mwaka 1964 vikafichua virusi vya Epstein-Barr. Ndani ya seli za uvimbe huo, saratani ya tezi iitwayo limfoma ya Burkitt, virusi hivyo hunyamaza, vikibakiza hasa protini moja, EBNA1, iliyoumbwa hivi kwamba seli T huiona kwa shida. Kwa baadhi ya wagonjwa wa limfoma ya Hodgkin virusi hivyohivyo vimo, na vina mbinu nyingine: protini yao ya LMP1 huiamuru seli iongeze PD-L1, breki ileile.