Jina la ugonjwa peke yake halileti mafao ya ulemavu Marekani

Eti ukishaambiwa una distrofia ya misuli (misuli inadhoofika kidogo kidogo) au miastenia gravisi (misuli inachoka haraka ukiitumia) basi umemaliza, unapeleka barua ya daktari Social Security, ofisi ya serikali inayolipa mafao, unakaa kusubiri hela. Jamani hapana. Hawa watu hawalipii jina la ugonjwa, wanaangalia mwili umeshindwa nini, na huko kushindwa kuwe kumedumu au kutadumu angalau miezi 12, labda uwe ugonjwa wa kuua. Kwa distrofia mwongozo wao unauliza kama viungo viwili, tuseme miguu yote au mkono na mguu, vimeharibika kiasi kwamba huwezi kuinuka kitini bila kushikwa na mtu au bila woka (fremu ya kutembelea), au huwezi kusimama bila kuanguka, au mikono haifanyi kazi. Sasa wewe unaingia kliniki, daktari anauliza hali, unajibu "nzuri tu dokta" maana ndo tulivyozoea, naye anaandika hivyo hivyo, halafu miezi baadaye mtu ambaye hajawahi kukuona anasoma kwenye faili kwamba uko vizuri. Sema ukweli bana, "nikitoka kuoga lazima nilale kwanza, wiki hii nimeanguka mara mbili." Wenye miastenia ndo wanaumia zaidi hapa, asubuhi uko fiti, jioni kope zimeshuka na hata kutafuna huwezi, ukipimwa nguvu asubuhi unaonekana mzima kabisa. Andika siku zako kwenye daftari uende nalo.

Eti usipofikia vipimo vya huo mwongozo imekula kwako. Bado, wanapima uwezo uliobaki, unakaa masaa mangapi, unabeba uzito gani, halafu umri, elimu na kazi ulizowahi kufanya vinaingia kwenye hesabu, mtu wa miaka 56 aliyebeba mizigo maisha yake yote hapimwi sawa na kijana wa ofisini.

Eti hujafanya kazi, hupati kitu. Hapa watu wanachanganya vitu viwili. SSDI, bima ya ulemavu ya waliofanya kazi, inatokana na makato ya mshahara, na ukiwa na miaka 31 kwenda juu kwa kawaida uwe umefanya kazi kama miaka 5 kati ya 10 ya mwisho kabla ulemavu haujaanza. SSI, msaada wa wenye kipato kidogo, haijali ulifanya kazi wapi, inajali huna kitu, mali zinazohesabika zisizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja, ila nyumba unayoishi na gari moja hawahesabu. (Kama si raia kuna masharti mengine juu yake, uliza mapema.)

ALS nayo, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, watu bado wanasema unasubiri miezi 5 ndo SSDI ianze. Ilikuwa zamani, sheria ilibadilishwa Desemba 2020. Na kwa ALS Medicare, bima ya afya ya serikali, inaanza pamoja na malipo, wakati wengine wanasota miezi 24.

Halafu hii ya kukataliwa, watu wanajaza fomu mpya kuanzia sifuri wakati walitakiwa kukata rufaa, na hapo unaweza kupoteza malimbikizo, yaani hela za miezi ya huko nyuma. Mwanasheria wa mkataba wa kawaida hachukui kitu mpaka ushinde, na hazidishi asilimia 25 ya hayo malimbikizo. Rufaa ni siku 60 tangu upate barua, na wao wanachukulia umeipata siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu, kwa hiyo hiyo bahasha ifungue leo.